Alama ya Kidole na Kile Kiandikwacho Kando Yake

Mwaka 2023 Rwanda ilitunga sheria mpya ya kuwaandikisha watu wote waishio nchini katika daftari moja la utambulisho litunzwalo kwa kompyuta. Sheria hiyo haiwahusu raia wazima peke yao. Inawahusu pia watoto wachanga, wakimbizi, wageni wenye vibali vya kukaa, na hata wale ambao hawana uraia wa nchi yoyote. Mpango huo unataka kila aliyefikisha umri wa miaka 5 apigwe picha ya uso na ya mboni za macho, na atoe alama za vidole vyake.

Jambo hili laweza kuonekana kuwa dogo. Mwananchi hufika ofisini, hunyosha mkono, huweka vidole juu ya kioo, kisha huenda zake kuendelea na shughuli. Lakini mjini Kigali suala la kitambulisho haliwezi kuwa dogo. Wapo wakazi wa mji huo wanaokumbuka siku ambazo kukitoa kitambulisho mfukoni mbele ya kizuizi cha barabarani kulikuwa ni sawa na kuikabidhi roho. Kwa sababu hiyo inafaa kuuliza maswali mawili. Kwanza, je, kidole cha mtu kinaweza kutueleza nini juu ya mwenye kidole hicho? Pili, ni mambo gani ambayo kidole hakiwezi kuyaeleza kamwe, hata kikipakwa wino mara elfu?

Tuanze na swali la kwanza. Ngozi ya ncha za vidole haifanani na ngozi ya shavu wala ya mgongo. Ina matuta membamba yaliyopangana kwa utaratibu, mfano wa matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo yanayozunguka vilima vya Rwanda. Matuta hayo huanza kujitokeza mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake, yapata wiki ya 10 ya mimba, na hukamilika kabla ya mwezi wa saba. Umbo lake hutokana kwa sehemu na urithi wa wazazi, na kwa sehemu nyingine na mambo madogo madogo ya wakati ule: kasi ya kukua kwa ngozi, unene wa kidole, mkao wa mtoto na msukumo wa maji yaliyomzunguka. Ndiyo maana mapacha wa kufanana, ambao hata shangazi yao huweza kuwachanganya, hawana alama za vidole zilizo sawa. Hata vidole kumi vya mtu mmoja havifanani.

Wataalamu hugawa alama hizo katika makundi makubwa matatu. Kuna zile zinazopinda kama kitanzi cha kamba, nazo ndizo nyingi kuliko zote. Katika kila alama 100, zaidi ya 60 huwa za namna hiyo. Kuna zinazozunguka kama maji ya mto yanapofanya kizingia, nazo ni kama theluthi moja. Kundi la tatu ni la tao, ambamo mistari huinuka katikati na kushuka upande wa pili. Hizo ni chache, karibu 5 tu kati ya 100. Hata hivyo, kundi peke yake halimtambulishi mtu, kwa kuwa mamilioni ya watu wana vitanzi. Mtaalamu hutazama mambo madogo zaidi: mahali ambapo tuta hukoma ghafla, mahali ambapo hugawanyika kama njia panda, na mahali ambapo kituta kifupi husimama peke yake kama kisiwa. Mpangilio wa vituo hivyo ndio unaotofautisha kidole kimoja na kingine.

Alama hizo hudumu maisha yote. Mtu akijikata kidogo au akiungua juu juu, ngozi mpya hurudi na mistari ile ile, maana kiini chake kimo katika tabaka la chini la ngozi. Mwizi mashuhuri wa mabenki wa Marekani, John Dillinger, alijaribu kuziharibu alama zake kwa tindikali mwaka 1934. Alipouawa na maofisa wa upelelezi wa serikali mjini Chicago katika mwaka huo huo, sehemu za kutosha za mistari yake zilikuwa bado zinasomeka, na maiti yake ikatambuliwa kwa alama zile zile alizotaka kuzifuta.

Zaidi ya hayo, kidole huacha alama bila mwenyewe kukusudia. Matuta ya ngozi yana vitundu vya jasho, na jasho likichanganyika na mafuta ya mwili hubaki juu ya kioo, meza iliyopigwa msasa, mpini wa panga au kasha la simu. Mpelelezi hupaka unga laini ili mistari ijitokeze. Juu ya karatasi hutumia dawa iitwayo ninhidrini, ambayo huyageuza mabaki ya jasho kuwa na rangi ya zambarau. Juu ya plastiki huweza kutumia mvuke wa gundi kali. Kisha alama hupigwa picha na kulinganishwa na zile zilizomo katika kumbukumbu.

Ujuzi huu hauna umri mkubwa sana kama mfumo wa serikali. Mwaka 1858, katika eneo la Jungipoor huko Bengal, India, ofisa wa Kiingereza aitwaye William Herschel alimtaka mkandarasi mmoja, Rajyadhar Konai, agandamize kiganja kizima chenye wino nyuma ya mkataba wa kuleta mawe ya kutengenezea barabara. Herschel alitaka tu kumtia hofu mkandarasi huyo asije akaukana mkataba. Baadaye aliona kwamba alama za watu hazibadiliki kadiri miaka inavyopita. Mwaka 1880 daktari Henry Faulds, Mskochi aliyefanya kazi katika hospitali mjini Tokyo, aliandika katika jarida la sayansi la Nature kwamba alama hizo zingeweza kuwafichua wahalifu. Mwaka 1892 Mwingereza Francis Galton alitoa kitabu kizima juu ya jambo hilo.

Katika mwaka huo huo wa 1892 tukio la kusikitisha lilitokea Necochea, nchini Argentina. Watoto wawili wa mama aliyeitwa Francisca Rojas waliuawa, na mama huyo akamshitaki jirani yake. Jirani alikamatwa na kuteswa, lakini hakukubali kosa. Hatimaye polisi waliona alama ya dole gumba yenye damu kwenye mlango. Walipoilinganisha, kwa njia iliyobuniwa na mtumishi wa polisi Juan Vucetich, waligundua kwamba lilikuwa dole la mama mwenyewe, naye akakiri. Inafaa kukumbuka kwamba katika kesi hii, mojawapo ya kesi za kwanza za aina yake duniani, alama ya kidole ilifanya kazi mbili kwa pamoja: ilimfichua mkosaji, na ilimwokoa asiye na kosa.

Tatizo lililobaki lilikuwa la kutafuta. Polisi akiwa na karatasi za vidole laki moja, ataipataje moja anayoitaka? Jibu lilipatikana Calcutta, ambako mwaka 1897 ilifunguliwa ofisi ya alama za vidole. Wahindi wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, walitunga hesabu ya kuzipanga karatasi hizo katika visanduku 1,024, ili karani aende moja kwa moja kwenye kisanduku kinachohusika. Polisi wa London walichukua utaratibu huo mwaka 1901. Lakini jina lililobaki vitabuni ni la mkubwa wao, Mwingereza Edward Henry. Yaani hata katika historia ya chombo cha kumtambulisha mtu kwa hakika, waliofanya kazi waliandikwa pembeni na sifa ikaandikwa kwa mwingine. Kidole kilikuwa sahihi. Kalamu ndiyo iliyopotoka.

Siku hizi kazi ya karani wa Calcutta hufanywa na kompyuta kwa muda mfupi. Mjini Kigali, katika eneo la Kacyiru, ipo maabara ya taifa ya uchunguzi wa kisayansi wa makosa ya jinai, ambayo tangu mwaka 2023 inaitwa Taasisi ya Rwanda ya Uchunguzi wa Kisayansi. Hapo huchunguzwa alama za vidole, vinasaba, sumu, risasi, maandishi na hati za kughushi. Katika miaka iliyotangulia, sampuli za vinasaba kutoka Rwanda zilikuwa zikipelekwa Ujerumani, jambo ambalo lilichukua muda na fedha nyingi. Mashitaka yanayotegemea ushahidi wa namna hii hupata nguvu, kwa kuwa mahakama haitegemei tena ungamo peke yake, wala neno la jirani dhidi ya jirani.

Faida ya utambulisho usiokanushika inaonekana zaidi tunapowakumbuka watuhumiwa wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Wengi wao walikimbia na kubadili majina. Félicien Kabuga, mfanyabiashara tajiri aliyetuhumiwa kuyagharimia mauaji hayo, alikamatwa tarehe 16 Mei 2020 katika mji wa Asnières-sur-Seine karibu na Paris, akiwa anaishi kwa jina la uongo. Protais Mpiranya, aliyekuwa kamanda wa kikosi cha ulinzi wa Rais, alitafutwa kwa miaka mingi kana kwamba yu hai. Mwaka 2022 ilithibitishwa kwamba alikwisha fariki mjini Harare mwaka 2006, na kaburi lake lilikuwa na jina jingine kabisa. Fulgence Kayishema, anayetuhumiwa kwa mauaji ya zaidi ya watu 2,000 waliokimbilia katika kanisa la Nyange, alikamatwa mwezi Mei mwaka 2023 huko Paarl, Afrika Kusini, baada ya kuishi kwa majina ya bandia. Alipokamatwa, kwanza alikana kuwa ndiye yeye.

Mambo haya yanatufundisha jambo moja ambalo aghalabu husahauliwa. Jina ni vazi. Mtu aweza kulivua na kuvaa jingine. Mwili hauvuliki. Lakini mwili peke yake hausemi, mpaka pawepo na kumbukumbu ya zamani ya kuulinganisha nayo. Kabuga alithibitishwa kuwa ndiye Kabuga kwa vinasaba, ambavyo vililinganishwa na sampuli iliyobaki tangu alipotibiwa katika hospitali moja ya Ujerumani mwaka 2007. Mpiranya naye alitambuliwa kwa vinasaba baada ya kaburi lake kufukuliwa. Alama ya kidole nayo ni vivyo hivyo. Ikiwa moja haina maana yoyote. Zikiwa mbili, ya jana na ya leo, ndipo zinapoweza kusema neno.

Na neno lenyewe ni lipi? Hapa tunalifikia swali la pili, ambalo ndilo zito zaidi. Alama mbili zinapolingana, zinasema maneno machache tu: huyu wa leo ndiye yule wa jana. Basi. Hazisemi jina lake nani. Hazisemi ni raia wa wapi, ni wa kabila gani, wala kama ni mwema au mwovu. Yote hayo yameandikwa na binadamu mwingine kando ya alama ile. Alama ikiwa sahihi na maandishi yakiwa ya uongo, uongo huo utafungamanishwa na mwili wa mtu kwa hakika ya kisayansi, na itakuwa vigumu sana kuubandua.

Historia ya Afrika Mashariki inalo somo kubwa katika jambo hili. Nchini Kenya, sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alilazimika kuchukua kipande, karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama ya vidole vyake, na habari za waajiri wake na mshahara wake. Wengi waliivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma, kama kengele ya mbuzi. Aliyeacha kazi bila kuandikiwa ruhusa na mwajiri alihesabiwa kuwa mtoro, na vidole vyake vilitosha kumrudisha. Kipande kilikuwa miongoni mwa manung'uniko yaliyomfanya Harry Thuku kuwakusanya wafanyakazi, na alipokamatwa mwezi Machi mwaka 1922, watu waliokusanyika mjini Nairobi kudai aachiliwe walimiminiwa risasi. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilipotaka watu wa rangi zote watoe alama za vidole, walowezi walipiga kelele kwamba ni fedheha kutendewa kama wahalifu. Yaani waliyaona kwa siku moja yale ambayo Mwafrika aliyabeba shingoni kwa miaka ipatayo 30.

Nchini Rwanda maandishi yaliyo kando ya mtu yalileta msiba mkubwa zaidi. Katika miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji uliwahesabu wananchi na kuwapa vitambulisho vilivyotaja kwamba huyu ni Mhutu, huyu ni Mtutsi, huyu ni Mtwa. Watu waliosema lugha moja, waliokaa kilima kimoja na kuoana, wakagawanywa kwa mstari wa kalamu, na mtoto akarithi neno lililoandikwa kwenye karatasi ya baba yake. Uhuru ulipatikana mwaka 1962, lakini neno hilo halikufutwa. Mkataba wa amani uliotiwa sahihi mjini Arusha tarehe 4 Agosti 1993 ulikubali kwamba liondolewe katika hati zote za serikali. Halikuondolewa kwa wakati. Mwezi Aprili mwaka 1994 vizuizi vilipowekwa katika barabara za Kigali na nchi nzima, wauaji hawakuhitaji kuuliza mengi. Walisoma.

Ikumbukwe kwamba kadi zile, kwa maana ya kiofisi, zilikuwa zinafanya kazi yake. Zilikuwa na picha ya mwenyewe na jina lake. Msomaji aliyesimama kizuizini hakukosea mtu. Kosa halikuwa katika kumtambua mwenye kadi. Lilikuwa katika kile ambacho serikali iliona ni muhimu kukijua juu yake. Laiti kadi zile zingekuwa na alama za vidole kumi zilizochukuliwa kwa ustadi wote, zisingemwokoa hata mtu mmoja.

Baada ya mwaka 1994 neno la kabila lilifutwa katika vitambulisho. Mwaka 2007 uliandaliwa uandikishaji mpya wa taifa zima, na kuanzia mwaka 2008 wananchi wenye umri wa miaka 16 na zaidi wakaanza kupewa kadi mpya, iitwayo kwa Kinyarwanda indangamuntu, yenye namba ya tarakimu 16. Namba hiyo inaeleza mwaka wa kuzaliwa na kama mwenyewe ni mwanamume au mwanamke. Haielezi ukoo wala kabila. Hii ndiyo tofauti iliyo kubwa kuliko tofauti zote za kiufundi baina ya kadi ya zamani na ya sasa.

Ipo pia huzuni moja ambayo hakuna mashine inayoweza kuiondoa. Katika kumbukumbu ya Gisozi, mjini Kigali, wamezikwa zaidi ya watu 250,000, na wengi wao wamelala bila jina juu ya kaburi. Alama za vidole ni za ngozi, na ngozi haidumu ardhini. Kidole huweza kumtetea mtu aliye hai, na huweza kuitambulisha maiti kwa siku chache. Baada ya hapo hunyamaza.

Hatari ya maandishi yasiyo sahihi haikuisha na ukoloni. Huko kaskazini mashariki ya Kenya, katika kaunti ya Garissa na majirani zake, maelfu ya raia walijikuta hawana haki ya kitambulisho kwa sababu ya vidole vyao wenyewe. Wakati wa miaka ya ukame, baadhi ya familia za Wakenya ziliingia katika kambi za wakimbizi za Dadaab na kujiandikisha humo ili zipate chakula na matibabu. Watoto wao wakatoa alama za vidole. Walipofikisha umri wa miaka 18 na kwenda kuomba vitambulisho vya Kenya, kompyuta iliwatambua mara moja: huyu ni mkimbizi. Kompyuta haikukosea kidole. Kidole kilikuwa chao kweli. Lakini neno mkimbizi liliandikwa siku ya njaa, na likageuka kuwa ukuta. Bila kitambulisho kijana hawezi kufungua akaunti ya benki, kuandikwa kazi ya serikali wala kusafiri bila wasiwasi. Mwaka 2019 serikali ya Kenya ilianza kuwahakiki upya watu hao, na wengi walikuwa wamekwisha poteza miaka ya ujana wao wakisubiri.

Wako pia wale ambao mashine haiwaoni kabisa. Mkulima aliyeshika jembe kwa miaka 40, fundi wa matofali anayekanyaga na kufinyanga udongo, mama anayefua nguo za watu kwa sabuni kali, na mzee ambaye ngozi yake imekuwa nyembamba, wote hao huweza kuwa na vidole ambavyo kioo hakivisomi vizuri. Nchini India, ambako zaidi ya watu bilioni moja wameandikishwa kwa alama za vidole na mboni za macho, wapo maskini waliorudishwa bila mgao wao wa nafaka kwa kuwa mashine haikuvitambua vidole vyao. Ni jambo la kuhuzunisha kwamba kazi ya mikono, ambayo ndiyo iliyojenga nchi, iwe ndiyo sababu ya mtu kuambiwa kwamba si yeye.

Hata katika upelelezi kidole kinahitaji jicho lenye uadilifu. Kompyuta huleta orodha ya alama zinazofanana. Anayeamua ni binadamu. Tarehe 11 Machi 2004 mabomu yaliua watu zaidi ya 190 katika magari moshi mjini Madrid, Hispania. Alama iliyopatikana kwenye mfuko wa plastiki wenye viwashio vya mabomu ilipelekwa nchi nyingi. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilidai kwamba ni ya mwanasheria wa jimbo la Oregon, Brandon Mayfield. Wataalamu kadhaa wa shirika hilo walikubaliana, na hata mtaalamu aliyeteuliwa na mahakama aliafiki. Polisi wa Hispania walitia shaka tangu mapema, lakini hawakusikilizwa. Mayfield alikuwa Mwislamu, na aliwahi kumtetea mtu aliyehukumiwa kwa makosa ya ugaidi, ingawa kesi aliyomtetea ilihusu malezi ya mtoto. Aliwekwa kizuizini kwa wiki mbili, mpaka Wahispania walipompata mwenye kidole halisi, raia wa Algeria. Serikali ya Marekani iliomba radhi, na mwaka 2006 ikamlipa dola milioni 2. Uchunguzi rasmi ulionyesha kwamba, baada ya kosa la kwanza, dini yake ilichangia wachunguzi kutolitazama upya jambo lenyewe.

Kidole cha Mayfield hakikuwa na hatia yoyote, wala hakikudanganya. Waliokuwa wakikitazama waliona kile walichokitarajia. Mwaka 2009 baraza la wanasayansi wa Marekani lilionya kwamba hakuna haki ya kudai kuwa ulinganishaji wa alama za vidole hauna kosa hata kidogo. Hakimu naye anapaswa kukumbuka kwamba alama haina tarehe. Kuonekana kwa kidole cha mtu kwenye kaunta ya duka lililoibiwa usiku huweza kumaanisha tu kwamba alinunua sukari mchana.

Liko jambo la mwisho. Mtu akipoteza ufunguo hubadili kufuli. Akiibiwa namba ya siri hutunga nyingine. Lakini daftari la vidole likiibiwa, au likiangukia mikononi mwa wenye nia mbaya, hakuna raia anayeweza kupewa vidole vipya. Rwanda ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi za watu mwaka 2021, na nchi nyingine za Afrika Mashariki zina sheria za namna hiyo. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Kenya, katika kesi ya mpango uliojulikana kwa jina la Huduma Namba, ilikataza serikali kukusanya vinasaba vya wananchi, ikataka pawepo kwanza sheria madhubuti ya kulinda taarifa zao. Hukumu hiyo haikupinga maendeleo. Ilisema tu kwamba ulinzi utangulie ukusanyaji.

Ni dhahiri, basi, kwamba hakuna sababu ya kuiogopa alama ya kidole yenyewe. Ilimwokoa jirani asiye na kosa kule Argentina. Humsaidia mjane asiyejua kusoma kutia dole gumba kwenye hati ya shamba lake, ili mwingine asije akadai kuwa ndiye. Humzuia mwenye damu mikononi kujificha milele nyuma ya jina la kuazima. Dola inayowajua wananchi wake huweza kuwahudumia, na mtoto aliyeandikwa tangu kuzaliwa ana mahali pa kusimama anapodai haki yake.

Kinachopasa kulindwa kwa macho yote ni kalamu inayoandika kando ya alama. Hapana budi daftari liandike kile tu ambacho huduma inakihitaji, na lisiandike kile ambacho siku moja kitaweza kumwua mtu. Hapana budi mwananchi awe na haki ya kukisoma kilichoandikwa juu yake, na njia fupi ya kukisahihisha kikiwa si kweli. Hapana budi pawepo na njia nyingine kwa yule ambaye jembe limemfuta mistari. Hapana budi mtaalamu wa maabara akiri shaka anapokuwa nayo, na hakimu amwulize.

Kidole kinasema neno moja tu: huyu ni yeye. Kijana wa Kigali wa leo anaponyosha mkono wake juu ya kioo, anawakabidhi watumishi wa umma neno hilo moja la kweli. Maneno yatakayofuata ni yao kuyaandika, na watadaiwa kwa kila herufi.